Kikundi cha Familia: Alhamisi au Ijumaa?

Dada Mkubwa, saa 1:10 asubuhi: Shikamooni wakubwa. Utabiri wa Alhamisi usiku ni nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo mwili utahisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Naomba kila mmoja aseme kabla ya adhuhuri kama atakuja kwa Bibi kufunika mabomba ya maji yasigande na kupasuka.

Dada Mkubwa, saa 4:32 asubuhi: Naona mmesoma wote, na hakuna aliyejibu.

Binamu, saa 4:40 asubuhi: Nimevaa glavu, simu hainitambui.

Kaka, saa 5:15 asubuhi: Dada, hizo nyuzi 20 ni za ngozi, si za bomba. Kanuni wanayoitumia Kanada na Marekani tangu 2001 ilitungwa kwa kupima uso wa mtu anayetembea. Upepo hulipoza bomba upesi zaidi, lakini hauwezi kulishusha chini ya baridi ya hewa yenyewe. Mimi naihofia Ijumaa, kwa kuwa upepo utakata, mawingu yatatawanyika, joto litapotelea angani usiku kucha, na theluji iliyotanda itaizuia hewa isipate joto la ardhini.

Dada Mkubwa, saa 5:18 asubuhi: Ijumaa wameandika nyuzi 12 tu chini ya sifuri.

Kaka, saa 5:24 asubuhi: Hizo ni za kituo cha uwanja wa ndege, kule juu. Bibi anakaa bondeni, na hewa baridi kwa uzito wake huteremka ikatuama huko, jambo ambalo programu ya simu hailioni kwa sababu hukadiria eneo pana kwa mkupuo.

Mjomba, saa 7:50 mchana: Mwaka jana nilisema hayo hayo nikaitwa mvivu. Zulia lililipiwa na nani?

Dada Mkubwa, saa 7:51 mchana: Mjomba, tulikubaliana habari za zulia zisirudi humu.

Binamu, saa 7:53 mchana: Nalo lilikuwa limeganda hata likasimama lenyewe ukutani.

Baba Mkubwa, saa 10:05 jioni: Wanangu, upepo ukivuma huchanganya hewa ya juu na ya chini, nasi hupona. Ukikata jioni, nyota zikatoka zote, alfajiri ndoo ya uani huwa barafu hadi chini. Mama yangu asilale peke yake Ijumaa.

Dada Mkubwa, saa 11:30 jioni: Tumesikia, Baba Mkubwa. Basi mabomba tutayafunika Alhamisi mchana, na Ijumaa bomba la jikoni liachwe likichuruzika. Nani atalala naye? Kaka yuko zamu.

Shangazi, saa 3:48 usiku: Nimeona sasa hivi. Nitakuja iwapo upepo wa Alhamisi hautakuwa umeijaza barabara theluji.

Dada Mkubwa, saa 3:49 usiku: Shangazi, niandike kwamba unakuja? Na kipimajoto cha uani kiko kwa nani?

Mjomba, saa 4:20 usiku: Kiko kwangu. Aje akichukue yule aliyeniita mvivu.