Mrejesho: tovuti iliyolemewa na picha

Wakuu, niliuliza kwa nini tovuti yangu inachelewa kufunguka kwenye simu. Ushauri wa kupunguza vipimo vya picha kabla ya kuzipandisha ndio uliosaidia zaidi: picha yenye upana wa pikseli 4000 ni ya nini pale inapoonekana kwa 800? Kisha nikazigeuza kutoka JPEG, muundo wa kawaida wa faili za picha, kwenda WebP, muundo mwepesi zaidi. Kwa macho sioni tofauti, ila uzito umeshuka mno.

Aliyesema picha zote zisubiri kupakiwa hadi msomaji ateremke kwenye ukurasa, hapo sikubaliani naye. Ile kubwa ya juu ipakiwe mara moja, maana Google hupima muda wa kitu kikubwa zaidi kuonekana, na wanataka usizidi sekunde 2.5. Za chini ndizo zisubiri.

Maelezo mbadala, yaani maneno yanayoeleza picha kwa asiyeiona, bado naandika. Nafasi kwenye matokeo ya utafutaji haijasogea.