Naomba ushauri: waini ya boksi inatunzwaje Dar bila friji?

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kuhusu waini nyekundu kavu (yaani isiyo tamu) ya Dodoma ya boksi la lita 3. Hiyo ni sawa na chupa 4 za ml 750, yaani glasi 20 za ml 150, na kwa kawaida glasi moja inatoka nafuu kuliko ya chupa. Nasema kavu makusudi, maana kwenye waini tamu sukari huficha kasoro nyingi.

Uzuri wa boksi ni mfuko wa ndani. Waini inavyopungua, mfuko unajikunja na hewa haiingii, kwa hiyo kwenye friji inadumu wiki 4 hivi. Chupa iliyofunguliwa ni siku 3 hadi 5 tu.

Tatizo ni joto. Kwenye nyuzi 30 harufu ya zabibu inafifia upesi, pombe inachoma puani, na hewa ikishaingia ladha inaelekea kwenye siki. Mtungi wa udongo unapoza vizuri Dodoma kwenye hewa kavu. Dar unyevu ni mwingi, maji hayavukizi vya kutosha.

Nafikiria kugawa waini kwenye chupa safi za ml 375, zijazwe mpaka shingoni, zizibwe papo hapo. Lakini kumimina kwenyewe kunaingiza hewa. Je, ni bora kugawa hivyo, au kuacha mfuko ulivyo na kuuweka kwenye ndoo ya maji yenye barafu saa moja kabla ya kunywa? Mliojaribu, ilidumu siku ngapi?