Kupanda Kilimanjaro kuchangisha hela za utafiti wa sikoseli, mnanishaurije?

Kaka_Mkubwa
Habari za saa hizi wakuu. Mdogo wangu wa mwisho ana sikoseli, ana miaka 14, mwaka huu tu tumelazwa naye mara nne, yale maumivu yakimuanza usiku hata wewe mtu mzima unalia. Sasa nataka nipande Mlima Kilimanjaro mwezi wa tisa, njia ya Marangu, nichangishe kwa mita, mlima una mita 5,895 kwa hiyo mtu akiahidi shilingi 10 tu kwa mita inakuwa 58,950. Hela yote iende kwenye utafiti, sio matibabu ya dogo, bima anayo. Nimegusia kwenye grupu la familia, kimya, mjomba mmoja ndo kauliza "yaani tukulipie utalii?" Hao hao harusi ya binamu walichanga mamilioni ndani ya wiki mbili. Nafanyaje wanielewe?

FundiSimu
Mjomba ana pointi, usimkasirikie. Gharama za mlima lipa mwenyewe na uiseme hiyo tangu siku ya kwanza. Halafu hela isiingie kwenye simu yako hata senti, hata uwe mtu wa swala tano. Pale Muhimbili wanafuatilia wagonjwa wa sikoseli kwa ajili ya utafiti tangu 2004, nenda kaongee nao, waombe kontrol namba mtu alipe moja kwa moja, wewe ubaki na miguu yako tu.

BintiSengerema
Neno utafiti ndo linawakimbiza, watu wanawaza semina na posho 😂 Waambie habari ya haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli. Wazungu wameitumia miaka na miaka, huku ikawa inaogopwa eti itashusha kinga halafu malaria immalize mtoto. Mpaka ilipojaribiwa kwa watoto wa huku huku Afrika, Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, majibu yakatoka mwisho wa 2018: maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, na malaria yenyewe imepungua! Bila mtu wa kugharamia ile kazi tungekuwa bado tunaogopa. Mjomba mtumie kwa voisi, watu wazima hawasomi meseji ndefu.

NesiWaZamu
Mbona hakuna aliyeuliza, wewe mwenyewe umepima? Dogo kuwa SS, yaani mgonjwa wa sikoseli, maana yake kwa kawaida baba na mama wote wamebeba kinasaba chake, na wewe usiyeumwa uwezekano wa kuwa AS, yaani umebeba ila huumwi, ni 2 kwa 3. AS anaishi vizuri tu, wengi hawajijui, ila kule juu oksijeni ni ndogo, seli za damu zinaweza kujikunja na bandama ikaathirika vibaya. Omba kipimo kinachotaja kabisa AA (hujabeba) au AS, ukikuta AS ongea na daktari kwanza. Na ukiwa mlimani ukasikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto unashuka saa hiyo hiyo, hakuna cha nimebakiza kidogo.

Mgumu_wa_Marangu
Nimebeba mizigo huko miaka saba. Wanaotusumbua ni hao vijana wa gym, kambi ya kwanza Mandara wanaimba, Horombo kichwa, Kibo hawataki hata uji. Chukua siku 6, Horombo ulale mara mbili. Na hiyo ya kuchangisha kwa mita iache kabisa mdogo wangu, ukifika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, mwili umegoma na juu bado kama mita 200 utajilazimisha kwa sababu ya ahadi za watu. Wachangie safari, sio kilele.

Kaka_Mkubwa
Dada nesi umenitoa jasho. Mama anasema nilipimwa nikiwa mdogo "ukaonekana mzima", karatasi haipo na hakumbuki walipima nini. Jumatatu naenda. Ikiwa AS na daktari akakataa, mlima basi, najiandikisha mbio za kilomita 21 za Kili Marathon pale Moshi. Ya mita nimeifuta mkuu Mgumu. Mjomba kasikiliza voisi, kajibu neno moja, "nalipia wapi?", na kontrol namba yenyewe sina bado loh