Unene wa njia ya mwanga na upana wa spektra

Swali: Ninasanifu njia ya mwanga ya silikoni nitraidi iliyozungukwa na silika (aina ya kioo), nikitaka mipigo mifupi ya leza ya nanomita 1550 itanuke iwe mwanga wa masafa mapana. Hata nikiongeza nguvu, spektra (mkusanyiko wa mawimbi ya urefu tofauti yaliyomo kwenye mwanga) hupanuka kidogo tu. Je, chanzo ni mtawanyiko, yaani mawimbi ya urefu tofauti kusafiri kwa kasi tofauti?

Jibu: Ndugu, anza na unene wa tabaka. Likiwa na nanomita 400 hivi, mtawanyiko hapo ni wa kawaida: mawimbi mafupi husafiri polepole kuliko marefu, mpigo hutandazika na kilele chake hushuka. Ukiliongeza hadi karibu nanomita 800, kwa upana unaofaa, umbo la njia huishinda tabia ya mata yenyewe, mtawanyiko hugeuka, na solitoni (mipigo inayoweza kusafiri bila kutandazika) huundwa. Zinapovunjika ndipo spektra hutanuka kwa kishindo.

Jibu: Nakubaliana, ila kugeuza mtawanyiko hakutoshi. La msingi zaidi, kwa maoni yangu, ni urefu wa wimbi ambapo mtawanyiko huo unafikia sifuri, kwa sababu ng'ambo ya hapo solitoni hurusha mawimbi ya pembeni pale awamu zinapolingana, na ukibadilisha upana wa njia kidogo tu, mawimbi hayo huhama. Kokotoa mkunjo mzima wa mtawanyiko kabla ya kuchonga.

Muulizaji: Tabaka langu ni la nanomita 400 kweli. Ahsanteni sana; je, kubaki kwenye mtawanyiko wa kawaida kuna faida yoyote?

Jibu: Ipo. Spektra huwa nyembamba zaidi, lakini ni laini na tulivu, kwa kuwa kelele za leza hazikuzwi sana.