Heda (faili ya .h ya C) ya sys/sysctl.h haipatikani Ubuntu 22.04

FundiKariobangi
Wakuu, nimekwama. Natunza kompyuta 12 za chumba cha vijana huku Kariobangi. Tuna programu ndogo ya C inayopima muda wa kila mtumiaji, na kwenye Ubuntu 20.04 ilikuwa inakompailika bila shida. Juzi nimeweka 22.04, `make` ikagoma:

`fatal error: sys/sysctl.h: No such file or directory`

Nikaweka upya build-essential (kifurushi cha zana za kukompaili), wapi! Jana usiku nikatoa faili hiyo, pamoja na bits/sysctl.h inayoihitaji, kwenye mashine ya zamani kwa flashi, nikazitia /usr/include. Ikapita, nikafurahi, halafu mwishoni kabisa:

`undefined reference to 'sysctl'`

Bando linakaribia kuisha na Jumatatu vijana wanarudi. Nimekosea wapi?

WayaMbili
Jaribu `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`.

DadaWaTerminali
Hapana, kaka, usimmalizie bando. Hizo ni za kujengea moduli za keneli (kiini cha mfumo). Hii ni heda ya glibc, maktaba kuu ya C kwenye Linux, na haikupotea: iliondolewa makusudi katika toleo 2.32, mwaka 2020. Ubuntu 20.04 ina 2.31, 22.04 ina 2.35, ndiyo maana imekupata sasa.

Fundi, heda inaahidi tu kwamba fanksheni ipo, hapa `sysctl()` ya kuuliza keneli taarifa zake. Ulileta ahadi, lakini fanksheni yenyewe glibc mpya hairuhusu tena programu mpya kuunganishwa nayo. Tafadhali zifute zile nakala leo hii. Ukiziacha, siku nyingine skripti ya `configure`, inayokagua mashine kabla ya kukompaili, itaziona, iamini sysctl ipo, na utahangaika upya bila kukumbuka chanzo.

Kisha tafuta kila mahali inapotajwa kwenye msimbo wako: `grep -rn sysctl .`

Programu nyingi zinaitaja heda hii kwenye `#include` na hazitumii chochote chake. Kama yako ni hivyo, futa mstari huo. Ikiwa kuna mahali inaita `sysctl()`, tuonyeshe inauliza nini.

FundiKariobangi
Nimezifuta. Grep imetoa faili tatu. Mbili ni `#include` tupu. Ya tatu inaita sysctl kwa KERN_OSRELEASE, inaandika toleo la keneli kwenye logi.

DadaWaTerminali
Basi tumia `uname()` kutoka `<sys/utsname.h>`, usome sehemu ya `release`. Haihitaji kupakua kitu.

FundiKariobangi
Imekubali! Mistari minne tu nimebadilisha. Asante sana dada. Naanza kuiweka kwenye zile nyingine 11.