Nimeokota chonga na mjusi wamekufa, nawahifadhije wasioze?

kijana_wa_pangani: Wakuu habari za jioni, mwenzenu nimeanza kupenda kuhifadhi wadudu na vijinyama vidogo vilivyokufa (siui, naokota tu). Kwa sasa ninaye chonga, yule mdudu mweusi wa minazi mwenye pembe, kashakauka miguu imejikunja tumboni, na mjusi kafiri aliyebanwa na mlango jana. Nasikia maabara wanatumia formalini, naipata wapi au kuna njia ya mtu wa nyumbani?

mzee_wa_pini: Mkuu anza na huyo chonga, wadudu wa gamba gumu hawana usumbufu. Chukua kopo lenye mfuniko, weka tishu zilizoloa maji na tone la Dettol asiote ukungu, juu yake kipande cha plastiki ndo umlaze, muache siku mbili hivi, akishalainika unavuta miguu kwa kibanio taratibu bila kukatika. Kisha mchome pini kwenye bawa gumu la kulia, sio katikati, katikati ndo mabawa yanapoachania utampasua. Pini izame kwenye lile boksi jeupe jepesi linalokuja na tivii, miguu izuie kwa pini nyingine pembeni mpaka akauke. Pini za fundi cherehani zinafaa kuanzia ila zinashika kutu. Na sisimizi!! Usiku mmoja tu wanakuachia ganda tupu, miguu ya meza isimamishe kwenye vikopo vya maji.

dokta_mifugo: Formalini achana nayo, mvuke wake unachoma macho na inasababisha kansa, sio ya kukaa nayo chumba kimoja. Mjusi tumia spiriti ile nyeupe ya 96%, vikombe vitatu kwa kimoja cha maji, unapata kama 72% inatosha. Ila usimtumbukize tu, mpasue kidogo tumboni spiriti ipenye, la sivyo nje anaonekana mzima kumbe ndani anaoza. Ikigeuka njano badilisha. Rangi itapauka, hiyo haina dawa.

kobe_mwendo: Mnamfundisha yote hayo sheria hamjamwambia. Ndege wa porini, kinyonga, popo usibebe hata ukimkuta kafa barabarani, kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 unaweza kukutwa na nyara za serikali, utaenda kumwambia hakimu ni hobi? Popo tena wengine wana virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Ukitaka mwenye manyoya subiri panya wa mtego au kifaranga aliyekufa bandani, na uvae glovu.

kijana_wa_pangani: Asanteni sana wakuu, spiriti naifuata kesho. Mjusi nimemtia friza kwenye mfuko, mama watoto bado hajajua, anaweza kukaa siku ngapi?

mzee_wa_pini: Akishaganda hata wiki mbili anakaa, tatizo sio mjusi hapo. Mfunge mifuko miwili uandike juu kwa makapeni, kwangu nusura akaangwe na dagaa.