Vichwa vya kumimina kwenye .308 ya magazini: bolti inagoma kufunga, kichwa kinabaki mtutuni

Chemba_Kavu
Wakuu, naomba ushauri. Bunduki ni ya kaliba .308 Winchester, ya bolti (kifungio cha chemba kinachosukumwa kwa mkono), magazini ya ndani. Vichwa (kipande kinachoruka kutoka mtutuni) ni vya kumimina, yaani vya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, uzito grein 180, pua bapa, kitako kina kofia ya shaba. Nimevipitisha kwenye dai (kifaa cha kubana hadi kipenyo kinachotakiwa) ya inchi .310. Urefu wa risasi nzima (ganda pamoja na kichwa) ni inchi 2.800 na magazini inaupokea.

Shida ni tatu. Mpini wa bolti unakuwa mgumu mwishoni kabisa. Nikitoa risasi ambayo haijapigwa, ganda linakuja peke yake, kichwa kinabaki mtutuni na baruti inamwagika. Tena risasi zikipanda kutoka magazini, baadhi zinagonga chini ya mdomo wa chemba. Je, nisukume vichwa ndani zaidi ya ganda?

Nta_na_Bati
Zamisha kidogo kidogo hadi bolti ifunge. Kazi imeisha.

Mzee_Maikromita
Hapana mkuu, usifanye hivyo kabla ya kujua kinachogusa. Shingo ya ganda la .308 ni fupi, kama inchi .304 tu. Kichwa kirefu cha kumimina ukikizamisha, kitako kinapita shingo na kuingia kwenye baruti. Hapo kofia ya shaba inaweza kuchomoka na kudondoka ndani, na nafasi ya baruti inapungua, kwa hiyo presha inapanda hata kama kipimo cha baruti hakijabadilika.

Kwanza tengeneza risasi mbili za majaribio zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni mwa ganda), na utoboe tundu ubavuni mwa ganda ili zisije zikachanganyika na nyingine. Paka kichwa na shingo wino wa kalamu nene, funga bolti taratibu, toa, kisha soma alama:

– Mistari iliyopangana kwa nafasi sawa kuzunguka pua: pua ni nene kuliko mtutu, inabanwa na matuta yaliyo kati ya mifuo (mikato ya mzunguko ndani ya mtutu).
– Pete inayong'aa kwenye mkanda wa mbele wa kichwa: mkanda (sehemu nene nyuma ya pua) unagonga koo la chemba, pale chemba inapoingia mtutuni. Hapa ndipo kuzamisha kidogo kunasaidia.
– Wino umefutika kwenye mdomo wa ganda: ulipanua mdomo na hukuurudisha.
– Wino umefutika kwenye bega la ganda: ulikaza mdomo kupita kiasi, bega likavimba.

Kwa dalili zako, hasa kichwa kubaki mtutuni, naweka dau kwenye pua. Ipime kwa maikromita, kalipa haitoshi kwa kazi hii. Mitutu mingi ya kaliba hii ina .300 juu ya matuta na .308 ndani ya mifuo. Pua inatakiwa ipande juu ya matuta kwa kugusa tu, yaani .300 hadi .301.

Chemba_Kavu
Mistari kwenye pua ipo, minne, imepangana sawa. Pua ina .303. Madini ni ya herufi za uchapaji.

Mzee_Maikromita
Basi umepata mchawi. Aloi (mchanganyiko wa madini) ya uchapaji, yaani madini ya risasi asilimia 84, antimoni 12, bati 4, inatoka kwenye kalibu ikiwa nene kuliko aloi laini. Ukihamia mchanganyiko wa madini ya risasi asilimia 90, bati 5, antimoni 5, utapunguza kama sehemu moja ya elfu ya inchi, na ugumu wake wa takriban 15 kwa kipimo cha Brinell unatosha kwa mwendo wa wastani ukiwa na kofia ya shaba. Elfu moja haikutoshi lakini. Tafuta dai ya kusawazisha pua peke yake, .301, au kalibu nyingine yenye pua nyembamba.

Kuhusu kichwa kilichobaki: ukilazimika kufungua bolti yenye risasi iliyobanwa, elekeza mtutu juu ili baruti ibaki kwenye ganda. Kisukume kwa fimbo kutoka mdomo wa mtutu. Usiingize risasi nyingine kabla hujaona mwanga mtutuni.

Koo_la_Chemba
Naongeza la shingo, maana wengi hawaliangalii. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, ambalo halijapita dai yoyote, udondoshe kichwa cha .310 mdomoni. Kikiingia chenyewe, una nafasi. Kikigoma, shingo haitakuwa na pa kutanukia wakati wa kupiga na presha itapanda. Hapo punguza kipenyo hadi .309 au nyoa unene wa shingo.

Halafu mkuu, chomoa kichwa kimoja ulichokwisha kukisimika na ukipime tena. Kikiingia na .310 kikatoka na .308, shingo imekibana. Kipanuzi (kifaa cha kutanua shingo ya ganda) cha kawaida ni cha vichwa vya koti, yaani vilivyofunikwa shaba, chembamba mno kwa madini laini. Tumia kipanuzi cha ngazi mbili: .308 kwa shingo, na ngazi fupi ya .312 mdomoni ili kitako kiingie bila kuparuzwa. Ukiona unyoya wa madini ya risasi kwenye mdomo wa ganda, hujapanua vya kutosha. Ukimaliza kusimika, rudisha mdomo uwe sawa na shingo basi, bila kuuma kichwa.

Nta_na_Bati
Nimekubali, shingo ya .308 sikuihesabu. Kwenye kaliba ya .30-06 yenye shingo ndefu kuna nafasi ya kuchezea.

Mzee_Maikromita
Tumalizie la kugonga chemba. Usiguse njia ya kupandia (mteremko unaoelekeza risasi chembani) kwa tupa, chuma kilichotoka hakirudi. Tumia zile risasi za majaribio. Jaza magazini, sukuma bolti kwa nguvu ya kawaida hadi mwisho, kwa sababu kusukuma polepole kunaiacha pua ishuke. Hakikisha kila risasi imekaa nyuma kabisa ya kisanduku. Zikigonga bado, pua ni bapa mno, chagua kalibu yenye ubapa mdogo. Ubapa mpana ni wa lazima kwenye magazini ya bomba, ambako pua ya risasi moja inagusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Kwako si lazima.

Pima urefu kabla na baada ya kupandisha. Ikiwa 2.800 imekuwa 2.790, kichwa kimerudi ndani na shingo haikishiki. Punguza kipanuzi kwa elfu moja, urudie.

Chemba_Kavu
Shukrani wakuu. Nikishapunguza pua, nibaki na baruti ile ile?

Koo_la_Chemba
Kama ulishasimika kwa urefu tofauti au umebadili aloi, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha jedwali la baruti la kichwa hicho hicho cha kumimina, kisha panda taratibu. Jedwali la vichwa vya koti halikuhusu.